Chama cha wakulima cha Minnesota kilianzaje, na sisi Nyanda za Juu Kusini tungeweza kuwa na chetu?

Viazi_Isongole

Wakuu habari za saa hizi. Nna swali limenikaa kichwani tangu ule uchaguzi wa Marekani wa 2024, hapa kijiweni kila mtu anasema lake. Yule mzee Tim Walz aliyekuwa mgombea mwenza wa Kamala Harris ni gavana wa jimbo la Minnesota, sasa nikawa nasoma habari zake kwenye simu nikakuta chama chake kule kwao hakiitwi Democratic kavu kavu, kinaitwa Democratic-Farmer-Labor, wenyewe wanafupisha DFL, ukikitafsiri kienyeji ni wanademokrasia pamoja na wakulima na wafanyakazi. Na jina hilo liko jimbo hilo tu, ukivuka mpaka hulikuti.

Nauliza kwa uchungu kidogo. Mimi nalima viazi huku juu Isongole, njia ya Tukuyu, kwenye ukungu. Msimu uliopita dalali kaja na magunia yake matupu, vijana wake wakajaza, likajaa, mimi najua limeisha kumbe bado, wakashonea kamba juu wakaendelea kupakia mpaka gunia likaota kichwa, kijana mmoja analikandamiza kwa magoti lishuke wapate nafasi ya ndoo nyingine. Nilikuwa nimeazima mzani kwa jirani, walipoenda kunywa chai nikapima moja: kilo 141. Nimelipwa la 100. Nilipomwonyesha akacheka, akasema mzee hii ndo lumbesa, ukiona haikufai baki na viazi vyako. Fuso limeshawashwa, barabara imeanza kuloa, utafanyaje.

Sasa naomba anayejua: hicho chama kilianzaje, kilikuwa kinataka nini hasa, na kwanini sisi wakulima wa huku Mbeya, Njombe, Iringa, Songwe hatuna cha kwetu?

Mnyalu_wa_Kihesa

Kamwene mkuu. Wakulima na wafanyakazi unawatafuta Marekani ya nini, angalia bendera ya kijani ya CCM, jembe na nyundo vipo pale tangu 5 Februari 1977 😂 jembe ndo wewe nyundo ndo mimi fundi. Jina tunalo siku nyingi tu. Lumbesa nayo tunayo siku nyingi.

Baba_Theluji

Viazi_Isongole mkuu hilo gunia lako ndo limenifanya niache kazi niandike, maana chama unachokiuliza kimezaliwa kwenye mzani kabisa, sitanii. Mimi kwetu Mwakaleli lakini nilisoma Minnesota miaka mitatu, nilipanga kwa mzee mmoja mstaafu ambaye alikuwa DFL damu damu, jioni za baridi hana stori nyingine, kwahiyo vumilia nitaandika ndefu.

Usianzie Minnesota, anzia jimbo la jirani, North Dakota, 1915. Kule wakulima wanalima ngano, na ngano yote inashuka kwa treni kwenda Minneapolis ambako ndo soko la nafaka lilipo. Sasa mkulima analeta ngano safi, anaambiwa daraja la chini, halafu uzito unakatwa eti kuna uchafu, halafu ngano ileile ikishaingia ghalani inatoka upande wa pili ikiwa daraja la juu. Reli ya wenye pesa, ghala la pale stesheni la wenye pesa, benki iliyokukopesha mbegu kwa riba ya kuua nayo ya walewale. Akatokea jamaa anaitwa A.C. Townley, mkulima aliyekuwa amefilisika kwenye kitani, akaanzisha kitu kinaitwa Nonpartisan League, yaani umoja ambao hauna chama. Wakachukua vigari vya Ford wakawa wanazunguka shamba kwa shamba kwenye vumbi wanasajili watu, na ujue hawakusajili bure, mkulima alikuwa anatoa ada, mwanzoni dola mbili na nusu na ikaja ikapanda hadi 16. Yule mzee wangu alikuwa anasisitiza sana hapo kwenye ada, anasema mtu aliyetoa hela yake haachi kuja mkutanoni.

Ujanja wao sasa. HAWAKUANZISHA CHAMA. Waliingia kwenye kura za maoni za Republican, ambacho ndo kilikuwa chama dola kule, wakasimamisha watu wao humohumo ndani. Kura za maoni kule anapiga mwananchi wa kawaida na akishakuchagua basi, hakuna kikao cha juu kinachokaa usiku kukata jina. 1916 wakapata gavana, Lynn Frazier, mkulima kabisa. 1919 wakaanzisha benki ya jimbo, 1922 wakafungua kinu cha jimbo cha kusaga ngano pale Grand Forks, na vyote viwili vinafanya kazi mpaka leo, jimbo lenyewe ndo mmiliki, kwenye nchi ambayo tunaambiwa kila kitu ni cha mtu binafsi.

Minnesota wakajaribu mtindo huohuo 1918. Mtu wao alikuwa Charles Lindbergh, baba wa yule rubani aliyekuja kuvuka Atlantiki peke yake 1927. Ilikuwa wakati wa vita kuu ya kwanza, wakaitwa wasaliti, mikutano yao ikapigwa marufuku sehemu nyingi, na kura za maoni akashindwa. Ndo wakasema basi tusimame wenyewe, na jina wakajiita Farmer-Labor kwa sababu mjini vyama vya wafanyakazi navyo vilikuwa na hasira zao, watu wa reli, watu wa vinu, na kule kaskazini wachimbaji wa chuma. Mkulima peke yake asingetosha, na mfanyakazi peke yake hivyo hivyo.

Wakati wao mkubwa ni miaka ya 30. Floyd Olson akaapishwa ugavana 1931, uchumi umeanguka dunia nzima, benki zinauza mashamba ya watu kwa mnada. 1933 wakapitisha sheria ya kusimamisha kwa muda benki kuchukua shamba au nyumba ya mdaiwa, ikapelekwa mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani na 1934 ikashinda. Mwaka huohuo wa 33 wakaweka kodi ya mapato ya jimbo, hela ziende shule. Halafu 1934 mkutano mkuu wao ukapitisha ilani moja kali balaa, migodi iwe ya umma, umeme wa umma, benki za umma, ukiisoma unaweza kudhani imeandikwa Arusha 1967. Olson mwenyewe ambaye alikuwa anajiita mwenye msimamo mkali ikabidi aanze kuipooza kwenye kampeni maana hata wakulima waliogopa, mkulima anataka mzani wa haki, hataki shamba lake lichukuliwe. Akafa kwa kansa 1936 akiwa na miaka 44, na 1938 chama kikapigwa vibaya sana na Republican.

Muungano ni 1944. Democratic kule Minnesota walikuwa wa tatu, hoi, Farmer-Labor nao wamechoka, wakaungana na jina la wakulima na wafanyakazi likabaki. Mmoja wa waliosukuma ni Hubert Humphrey aliyekuja kuwa makamu wa rais kuanzia 1965. Kuna na Walter Mondale naye makamu wa rais 1977 mpaka 81, huyu 1984 aligombea urais akafungwa majimbo 49 kwa 1, hilo moja likiwa Minnesota kwao, ukiacha mji mkuu Washington. Mzee wangu alikuwa anasema hilo moja kwa kujivunia utadhani alishinda kombe.

Viazi_Isongole

Mwe! Baba Theluji Mungu akubariki, nimesoma mara mbili. Hiyo ya ngano kuingia daraja la chini ikatoka daraja la juu ni parachichi za Rungwe mtupu. Sasa ilani yao wanaipangaje, maana sisi ilani inashuka kutoka juu imeshachapwa na picha.

Baba_Theluji

Hapo ndo paliponishangaza. Februari wana mikutano ya kitongoji, nilimsindikiza mzee kama mtazamaji. Theluji mpaka magotini, mkutano uko shule ya msingi, watu wazima wamekalia vile viti vya watoto, magoti yamekaribia kidevu. Kwenye meza kuna karatasi, mtu yeyote anaandika azimio lake, linasomwa, watu wanabishana, mikono juu, linapita au linakufa. Likipita linapanda ngazi, na linaweza kufika kwenye ilani ya jimbo. Kuna mama alisimama akaongelea mfereji wa maji ya mvua unaopita shambani kwake nusu saa nzima, watu wamechoka wanaangalia saa lakini hakuna aliyemkatisha, mwisho likapita kwa kura tatu. Sijui liliishia wapi. Ila lilisomwa.

Mwl_Uraia

Naomba nijibu kipande cha mwisho cha swali, cha kwanini hatuna. Jibu fupi ni kwamba sheria imekataza, na imekataza makusudi.

Sheria ya Vyama vya Siasa namba 5 ya 1992 inasema chama hakisajiliwi kama lengo lake ni kuendeleza maslahi ya dini moja, kabila, rangi, au sehemu moja tu ya nchi, na Katiba ibara ya 20 inasema hivyohivyo. Halafu ili upate usajili wa kudumu unatakiwa uwe na wanachama wasiopungua 200 wenye sifa za kupiga kura kwenye kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, na angalau miwili iwe Zanzibar, mmoja Unguja mmoja Pemba. Sasa chukua kidole uhesabu: Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa, Ruvuma, Rukwa, na Katavi ukitaka kuiongeza. Saba. Hata tukikubaliana wote mpaka mlevi wa mwisho bado mitatu, na Pemba hakuna anayelima viazi vya Isongole.

Kihistoria vyama vya eneo moja tulikuwa navyo, ASP ilikuwa ya Zanzibar tangu 1957 na TANU ya huku bara tangu 1954, hiyo 1977 aliyoisema Mnyalu ndo viliungana kuwa CCM. Vyama vingi viliporudi 1992 wakubwa walikuwa wanaogopa ukabila, na tukiwa wakweli walikuwa na sababu, majirani tuliwaona.

Mtu aliyepigana na sharti hilo hadharani alikuwa mtu wa huku huku kwetu, marehemu Mchungaji Mtikila wa Ludewa. Yeye alikataa habari ya wanachama wa Zanzibar kwa sababu alikuwa anadai Tanganyika, chama chake cha DP kikakaa bila usajili mpaka 2002. Alifungua kesi 1993, Jaji Lugakingira akampa haki kwenye suala la mgombea binafsi, yaani mtu kugombea bila chama, Bunge likabadili Katiba chap kuziba hilo tundu, akaenda nayo mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha, 2013 akashinda tena, na mgombea binafsi mpaka leo hatuna. Kwahiyo ule mlango wa Baba Theluji wa kuingia na watu wenu bila chama nao huku umefungwa kwa kufuli mbili, huwezi kusimama bila chama, na ndani ya chama ukishinda kura za maoni bado jina linaenda vikaoni.

Mnyalu_wa_Kihesa

Mwalimu umenikosha. Na mimi nasema hiyo sheria ibaki. Leo mtaanzisha chama cha Nyanda za Juu, kesho Wanyakyusa na Wahehe tunaanza kugombania makao makuu yawe Mbeya au Iringa, keshokutwa Njombe wanasema wao ndo wenye mbao na viazi. Kwanza sisi Iringa siasa za shamba tunazijua, Krismasi ya 1971 kule Isimani mkuu wa mkoa Dk. Klerruu aliuawa kwenye shamba la mkulima wakati wa kampeni za ujamaa. Babu yangu hakuwahi kulizungumza jambo hilo akiwa anakula, mpaka aweke kijiko chini.

Halafu Baba Theluji hujasema kitu kimoja. Mimi naangalia zile ramani za uchaguzi, Minnesota vijijini kote nyekundu, rangi ya Republican, mbona hao wakulima hawakipigii kura chama chao?

Baba_Theluji

😂😂 Mnyalu umenikamata. Ni kweli kabisa. DFL ya leo nguvu yake ni Minneapolis na St. Paul, manesi, walimu, wanafunzi, wahamiaji. Yule Ilhan Omar mzaliwa wa Somalia aliyekaa kambi ya wakimbizi hapo Kenya alipokuwa mtoto, alichaguliwa kwenda bunge la Marekani kupitia DFL 2018. Wakulima wengi wameshahamia Republican, kuna mbunge wao mmoja Collin Peterson alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kilimo ya bunge lao, amekaa miaka 30, 2020 akaangushwa. Mzee wangu alilia kwa ajili ya huyo jamaa, kweli, machozi.

Sababu ziko nyingi, mashamba yamekuwa makubwa na wakulima wachache, na mambo ya bunduki na utoaji mimba yakawagawa. Sera za DFL sasa hivi ni kama zile walizopitisha 2023 walipokamata ugavana na mabunge yote mawili: chakula cha bure shuleni kwa kila mtoto, likizo ya uzazi na ugonjwa yenye malipo, haki ya kutoa mimba kuwekwa kwenye sheria, umeme safi ifikapo 2040. Mizani haimo, kwa sababu vita ya mizani waliishamaliza zamani. Jina Farmer limebaki kama jina la ukoo, babu alikuwa mhunzi wewe unaitwa Mhunzi na nyundo hujawahi kushika.

Mpunga_Igurusi

Mimi mwanamke nalima mpunga Mbarali nawasoma tu tangu juzi. Mnagombana chama chama chama, mimi nimeona mambo mawili tu kwenye hiyo stori, ada na kinu. Hao watu walitoa hela mfukoni kabla hawajapata mbunge hata mmoja. Sisi tukiambiwa mchango wa elfu tano wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, tunauliza kwanza kikao kina posho? Na sio kwamba nalaumu watu bure, mimi mwenyewe nilichangia AMCOS moja, mwenyekiti akanunua pikipiki, mpaka leo hatujaelezwa. Na wazee wanakumbuka vyama vikuu vya ushirika vilifutwa 1976 kwa amri, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, kwahiyo uzoefu wa kuamini umoja wetu ulikatwa katikati kama mti.

Na kinu. Nikiuza mpunga nauza kwa gunia, nikikoboa nauza mchele kwa kilo. Kwa kilo hakuna lumbesa. Mchele wenyewe wanaupanga daraja wanaponunua, lakini angalau mzani unaongea. Kaka Viazi wewe viazi huwezi kukoboa, ila kwanini unauza kwa gunia? Sheria si inasema gunia lisizidi kilo 100? Uza kwa kilo.

Viazi_Isongole

Dada Mpunga nikisema kwa kilo peke yangu anaruka shamba langu anaenda kwa jirani. Jirani ana ada ya mtoto ya kulipa, atakubali tu.

Mpunga_Igurusi

Ndo maana hao wa Ford walizunguka shamba kwa shamba kaka, ili asipate pa kurukia.

Mwl_Uraia

Na hilo halihitaji usajili wa msajili wa vyama wala wanachama 200 Pemba.

Viazi_Isongole

Wakuu samahani nimekaa kimya siku tano, tulikuwa tunapalilia. Nimewasomea hii mada wenzangu kijiweni, ile ya Mondale kufungwa 49 kwa 1 wamecheka sana. Tumekubaliana mashamba 11 yaliyopangana upande wa barabarani, tuchange tununue mzani wa kuning'iniza, dalali akija mmoja tu anaongea naye na bei ni kwa kilo. Wawili wameshaanza kusitasita, mmoja shemeji yangu. Jumapili baada ya ibada tunakusanya hela, aliyetoa anaandikwa daftarini mbele ya watu.

Mpunga_Igurusi

Shemeji mwandike wa kwanza. Na mzani upelekeni Wakala wa Vipimo wauhakiki wabandike stika, msipofanya hivyo dalali atasema mmeuchezea na safari hii atakuwa na haki.

Viazi_Isongole

Hilo sikuwa nalijua dada. Ofisi yao Mbeya mjini ipo upande gani?

Mnyalu_wa_Kihesa

Mkuu ulizia pale Mwanjelwa sokoni, wafanyabiashara wote wa mizani wanaijua, wengine wanaijua kwa kuikimbia. Ukienda beba na gunia moja lenye kichwa wakaone.

Viazi_Isongole

Gunia la kilo 141 nalibeba na nini Mnyalu, bodaboda wamekataa hata la 100.